Muulize Fundi: Injini ya ndege chini ya mwembe

SWALI: Shikamoo babu fundi. Mjomba wangu amerudi kutoka Marekani na boti ya ajabu. Chini ni bapa kama sinia, na nyuma imefungwa injini ya ndege, Lycoming O-320, yenye pangaboi ndani ya kizimba cha chuma. Nia yake ni kuwatembeza wageni kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvu. Miezi minane sasa iko chini ya mwembe, hatua chache kutoka ufukweni, tunangoja vibali. Kila Jumapili naiwasha dakika tano ili isife. Je, nafanya sawa? La pili: juzi nilizungusha pangaboi kwa mkono, swichi imezimwa, ikapiga mlio mmoja kama inataka kuwaka. Jirani anasema ina jini.
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Nianze na jini, maana hilo linaweza kukukata mkono kabla hujafika kwenye jibu la kwanza.

Injini hiyo haitegemei betri kupata cheche. Ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, kila magneto na plagi yake. Magneto inatengeneza moto wake yenyewe ikizungushwa tu. Swichi ya gari ukiizima unakata umeme. Hii ya ndege ukiizima unafanya kinyume: unaunganisha waya unaoipeleka cheche ya magneto kwenye bodi ipotelee huko. Waya huo ukikatika au ukiliwa na chumvi, magneto iko hai siku zote, hata funguo ukiwa umekwenda nazo msikitini. Tena magneto nyingi zina springi inayoirusha kwa kasi hata ukizungusha polepole. Ule mlio wa "tak" unaousikia ndio huo.

Mkono wangu wa kushoto haunyooki sawasawa mpaka leo. Nilikuwa kijana, nashika spana kwenye ndege ndogo, na mkubwa wangu akaniambia, "Zungusha, swichi imezimwa." Na kweli ilikuwa imezimwa. Tangu siku hiyo pangaboi kwangu ni bunduki yenye risasi, nasimama pembeni yake hata injini ikiwa haina petroli.

Basi kagua nyaya zote mbili, kutoka magneto mpaka swichi. Ukishazifunga vizuri, siku boti iko majini na injini imepata moto, geuza swichi upande mmoja ibaki magneto moja tu, rudisha, kisha upande wa pili. Kila mara mzunguko ushuke kidogo. Usiposhuka hata chembe, waya wa ile magneto uliyoizima bado haufanyi kazi.

Sasa hizo dakika tano. Acha kabisa, mwanangu. Unaiua kwa huruma.

Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita nzima ya maji. Mengi yanatoka na moshi kupitia ekzosi, lakini mengine yanapita kwenye ringi za pistoni na kushuka ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ili maji hayo yageuke mvuke na kutoka, oili inatakiwa ipate moto wa nyuzi 75 na zaidi, na ikae nao kwa muda. Dakika tano haifiki. Kwa hiyo kila Jumapili unamnywesha mgonjwa maji machafu. Halafu Lycoming ina tabia yake: kemshafti, mti unaofungua valvu kwa kusukuma tapeti, imekaa juu ya krenki, mti unaozungushwa na pistoni, si chini. Oili inachuruzika, kemshafti na tapeti zinabaki uchi. Ongeza hewa ya Bagamoyo, ambayo hata msumari wa mlango inautafuna, upate kutu. Siku ya kwanza ya kazi kutu hiyo inageuka msasa.

(Na kama ulikuwa ukiiwasha hapo mwembeni bila kuifunga, Mungu amekuhifadhi. Boti hizi zinateleza hata kwenye majani.)

Fanya hivi. Mwaga oili yote. Ikiwa kuna filta, ikate, ukunjue karatasi yake, upitishe sumaku. Vumbi dogo si neno. Vipande vinavyong'aa, usiwashe tena, niandikie. Kisha amua. Kama vibali vimekaribia, weka oili ya ndege, si ya gari: oili ya gari ina madawa yanayoacha majivu yenye madini, na injini ya kupozwa kwa hewa hayo haiyataki. Kisha iendeshwe majini nusu saa au zaidi, jicho lako kwenye geji ya oili. Kama vibali bado, ilaze kweli: oili ya kuhifadhia, nyunyiza nyingine ndani ya silinda, funga plagi za kuhifadhia, zenye chembe za kunyonya unyevu, ziba ekzosi na bomba la kupumulia. Chembe za samawati zikigeuka waridi, badilisha.

Ikianza kazi, oili ni kila saa 50 ukiwa na filta, saa 25 ukiwa na chujio la waya tu, au miezi minne, lolote litakalotangulia. Na kila jioni iogeshe boti kwa maji baridi ya bomba, lakini usizipigie magneto mpira wa maji.

SWALI: Fundi, nimeona boti hizo kwenye simu, zinakwenda mpaka kwenye tope. Breki yake iko wapi? Nataka moja ya kuvulia.
*Msomaji, Pangani*

JIBU: Haina breki, na nyingi hazina rivasi. Usukani wake ni mabawa yaliyosimama nyuma ya pangaboi, yanageuza upepo. Ukikutana na mtumbwi kwenye kona ya mikoko na ukaachia mafuta kwa hofu, upepo umekatika, na usukani nao umekufa. Unakwenda ulikokuwa unakwenda. Alexander Graham Bell, yule wa simu, mwaka 1905 huko Nova Scotia, Kanada, alitengeneza ya namna hiyo kujaribia mapangaboi tu. Florida ndiko ilikopata kazi, kwenye vinamasi vya maji ya magoti. Ubavu wake ni mfupi. Kusi likivuma nje ya Pangani itajaa maji kabla hujapiga dua. Na kelele yake, samaki gani atakungoja? Nunua dau.

SWALI: Petroli ya sheli inafaa kwenye O-320?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Soma kibati cha injini. O-320 ya nguvu za farasi 150 yenye mgandamizo wa 7 kwa 1 ilitengenezewa oktani 80 (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kugonga). Ya farasi 160 ina 8.5 kwa 1, hiyo inataka mafuta makali zaidi. Ukiinyima itagonga ndani, na kwa kelele za pangaboi hutasikia mpaka pistoni itoboke. Ukikosa kibati, pita kwangu Ngamiani, hapo Tanga, na namba ya injini.