Cheti au Stashahada kwa Anayetaka Kuwahudumia Watu Wenye Ulemavu

Msomaji mmoja wa Ngamiani, Tanga, ameuliza hivi: "Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, nataka kufanya kazi na watu wenye ulemavu. Wengine wananiambia nisome cheti nipate kazi mapema, wengine wanasema cheti ni kupoteza muda, niende stashahada moja kwa moja. Nishike lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hilo la "moja kwa moja" lisikunyime usingizi. Katika kozi nyingi zilizo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, aliyetoka kidato cha nne hupanda ngazi moja moja: ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, kisha ya 5, astashahada (hizi mbili ndizo watu huziita cheti), kisha ya 6, stashahada. Kila moja ni mwaka. Anayejisifu kwamba yuko stashahada ya miaka mitatu naye ameanzia darasa lile lile la cheti. Wa kidato cha sita ndiye anayeweza kuingilia juu kidogo. Kwa hiyo jiulize utasimama wapi kwanza, na kwenye fani ipi.

Fani ndiyo inayoamua mengi, na hapo ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanachagua ngazi, fani wanaipokea yoyote iliyobaki. Ustawi wa jamii unasomwa, kwa mfano, Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Ualimu wa elimu maalumu una chuo chake Patandi, Arusha. Fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), tiba kazi (kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku) na utengenezaji wa viungo bandia vinasomwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, lakini huko wanataka Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ukiwa na D nne za Historia, Jiografia, Uraia na Kiswahili, mlango wa ustawi wa jamii uko wazi, wa fiziotherapia umefungwa. Masomo ya dini hayahesabiwi katika zile D nne. Hesabu kabla ya kulipa ada ya maombi.

Sasa tofauti ya kazi yenyewe. Chukua kijana aliyeumia uti wa mgongo, anayeshinda kwenye kiti mwendo. Mhudumu wa ngazi ya cheti ndiye anayemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, anamkumbusha kujiinua kitini au kuegemea upande mmoja kisha mwingine mara kwa mara, na anakagua ngozi asubuhi na jioni: mfupa wa mkia, makalio, nyonga, visigino. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, dalili ya kidonda cha kulalia au kukalia sehemu moja. Kwenye ngozi nyeusi ukisubiri wekundu utakuja kuona kidonda. Doa huonekana jeusi kuliko ngozi ya pembeni, au la zambarau, linang'aa. Ukiligusa kwa mgongo wa kiganja ni la moto, au gumu, au limelegea. Hapo humlazi wala humkalishi tena juu ya sehemu hiyo, huikandi kwa mafuta, unaandika saa na mahali, unatoa taarifa siku hiyo hiyo. Joto la pwani na jasho huharakisha ngozi kuchubuka, kwa hiyo Tanga huna siku ya kuahirisha ukaguzi.

Wa stashahada anaitwa kujibu swali jingine: kwa nini doa limetokea? Sponji imelala? Kiti ni kipana mno, mtu anaegemea upande mmoja? Vikanyagio vimewekwa juu sana, magoti yamepanda, uzito wote umerudi kwenye makalio? Hili la vikanyagio hupita bila kuonekana, na spana moja ingelimaliza. Halafu anaandika mpango wa huduma, anakaa na familia, anampa rufaa kwenda hospitali ya Bombo inapobidi, na anarudi baada ya wiki kuona kama mpango unafuatwa. Anatakiwa pia kuijua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kujua kwamba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ina asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, ili mtu asizungushwe ofisini.

Hata Shirika la Afya Duniani limeyagawa mafunzo yake ya viti mwendo hivyo. Ngazi ya msingi, ya mwaka 2012, ni kwa ajili ya kuwahudumia wanaoweza kukaa wima wenyewe. Ngazi ya kati, ya mwaka 2013, ni kwa wanaohitaji kuegemezwa mwili ili wakae, kama watoto wengi wenye mtindio wa ubongo. Mtoto huyo ukimlisha kichwa kimeangukia nyuma, uji unaweza kuingia njia ya hewa. Kichwa kinyooke, kidevu kishuke kidogo, kijiko nusu, usubiri ameze. Hayo ni ya cheti, na aliyeyaruka hayafidii kwa nadharia ya mwaka wa tatu.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: soma ngazi ya 4 na ya 5, fanya kazi mwaka mmoja au miwili, kisha rudi kwa ngazi ya 6. Anayekwenda mfululizo bila kumgusa mtu huwa anasimamia wahudumu wanaojua kuliko yeye, na wanaoumia ni wanaohudumiwa. Wapo wanaoiita kazi hii "uyaya" na kukimbilia jina la afisa. Inauma kuwasikia, kwa sababu mtu asiyekaguliwa ngozi yake anaweza kufa kwa kidonda. Heshimu kazi ya mikono, kijana. Ila kama unalenga ajira ya halmashauri, soma kwanza matangazo ya Sekretarieti ya Ajira uone kada unayoitaka inadai ngazi gani. Ikidai stashahada, usisimame katikati kwa muda mrefu.

Kuhusu chuo, uliza mambo haya. Namba ya usajili ya NACTVET, kisha uihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao. Kama ngazi inayofuata ya fani hiyo inafundishwa hapo hapo. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ni wiki ngapi, wapi, na nani anakusimamia. Fildi ya kukaa ofisini unapanga mafaili haikusaidii. Na semina ya siku tano inatoa cheti cha kuhudhuria, ambacho hakikuingizi ngazi ya 5 popote.

Ukisimama baada ya ngazi ya 4 au ya 5, usiondoke chuoni bila transkripti yako (hati ya matokeo ya masomo yote), na kitabu cha fildi kiwe kimesainiwa kila wiki. Vyuo hubadili wasimamizi, na baada ya miaka miwili aliyekuona ukifanya kazi anaweza kuwa amehamia Mtwara.