Muulize Fundi: Leza ya magoti na taa inayosema uongo

SWALI: Assalaam aleikum, Ami Fundi. Mimi hutengeneza simu na redio hapa Langoni, Lamu. Dadangu ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wake wengi ni wavuvi wa mabega na akina mama wa magoti. Namuundia mashine ya leza ya kuwatibu kwa mwanga: daiodi nne (vijipande vinavyotoa mwanga wa leza) zenye urefu wa wimbi wa nanomita 810, kila moja miliwati 200, ndani ya mpini mmoja. Nimeweka kitufe cha kubonyeza, taa nyekundu ya ishara, na nimeagiza miwani nyeusi jozi mbili. Je, usalama umetosha?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Haujatosha, na heri umeuliza kabla mpini haujafika gotini kwa mtu.

Nianze na jicho, maana ngozi ikiungua itapona na jicho halina spea. Mwanga wa nanomita 400 hadi 1,400 hupita kwenye mboni na lenzi, ukakusanywa nyuma kwenye retina kama jua chini ya kioo cha kukuzia. Ukali wake pale nyuma waweza kuwa mara 100,000 ya ule uliofika mbele ya jicho. Leza nyekundu dhaifu, ya miliwati 1, humfanya mtu apepese ndani ya robo sekunde, na kupepesa huko ndiko kunakomwokoa. Hiyo yako ya 810 haionekani ila kwa wekundu hafifu sana. Mtu ataikodolea macho akidhani imeisha nguvu.

Kwa kanuni za kimataifa za usalama wa leza, IEC 60825-1, daraja likipanda hatari huzidi, na daiodi yako moja tu tayari ni Daraja la 3B, linaloishia miliwati 500. Zote nne ni 800, na miali yake ikikutana umeingia Daraja la 4, wanamokaa wapasuaji. Iunde ukiihesabu ni ya 4.

Sasa kitufe na taa yako. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye kliniki moja, siitaji, wakilalamika kuwa mashine yao ya mkono "inakula betri". Wakiichaji jioni, asubuhi haina kitu. Skrini iliandika sifuri na taa ya ishara ilikuwa imezima. Nikatoa simu, nikasimama pembeni, nikaelekeza kamera ya mbele kwenye ncha ya mpini. Kwenye skrini ya simu ikang'aa nukta ya zambarau. Leza ilikuwa ikitoka muda wote! Mpini wenyewe walikuwa wameutundika kwenye msumari, ncha ikielekea benchi la wagonjwa, usawa wa uso wa mtu aliyeketi.

Nilipofungua nikakuta transista, yaani swichi ndogo ya umeme inayowasha daiodi, imeshoti. Wewe ni fundi, wajua: transista za namna hiyo mara nyingi zikifa hufa zimefunga, hazifi zimefunguka. Mkondo unapita tu, na kitufe hakina kauli tena. Taa nayo ilikuwa imeungwa kwenye kitufe, kwa hiyo ilitangaza kile kitufe kilichotaka, si kile daiodi ilichokuwa ikifanya.

Basi kila kipande utakachokichomea risasi kwenye bodi, kiulize: kikifa, kitafia upande gani? Weka vizuizi viwili vilivyofuatana kwenye njia ya mkondo, na visiwe ndugu: transista chini ya daiodi, rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) juu yake. Kimoja kikishoti, cha pili kinakata. Mashine ivijaribu vyote viwili kila inapowashwa, na kimoja kikigoma isiendelee. Taa ya ishara ipate habari zake kutoka kwenye kijicho cha kupima mwanga kilichomo ndani ya daiodi yenyewe. Kijicho hichohicho kikuonyeshe nguvu inayotoka. IEC 60601-2-22, ya leza za tiba, haitaki ipishane na uliyoweka kwa zaidi ya asilimia 20. Kitufe kikubwa chekundu cha dharura kikate umeme moja kwa moja, kisipitie kwenye programu, kwa sababu programu nayo huganda. Na stima ikikatika ikarudi, kama tulivyozoea, mashine iamke imelala: itake ufunguo, kisha kitufe, kisha ingoje sekunde mbili tatu ndipo itoe mwanga.

Utavutiwa na sensa ya ngozi, ile inayokataa kutoa mwanga mpaka mpini uguse mwili. Iweke, lakini usiiamini peke yake. Jasho, mafuta ya nazi au taulo mbichi huihadaa. Tumia mbili, moja kila upande wa ncha, na ukiwasha mashine zikasema ziko mwilini hali mpini uko mezani, mashine ikatae. Kumbuka pia kwamba kope ni ngozi. Sensa haijui kutofautisha kope na goti.

Ngozi zetu nyeusi hunywa mwanga zaidi, hivyo hupata joto haraka. Tia kipima joto kwenye ncha: kinachogusa mwili kwa dakika 10 au zaidi kisipite nyuzi 43.

Mlangoni funga swichi ya sumaku, mkondo ukipita kwenye waya wake wakati wote wa kazi. Chumvi ya bahari ikila waya, mashine izime, na hiyo ndiyo kutu pekee nitakayokuombea. Mlango ukifunguliwa leza isimame bila kufuta dakika zilizokwisha. Ukimlazimisha dadako aanze upya kila mtoto akichungulia, wiki ya pili utakuta sumaku imegandishwa kwa selotepu, na hapo kosa ni lako. Chumba chenyewe kisiwe kile cha zidaka na sahani za kaure, wala sinia ya shaba ukutani. Ukuta mkavu wa chokaa hutawanya mwale. Kaure huurudisha kama ulivyo.

Ile miwani nyeusi wape mabaharia. Tena ni hatari kuliko kutovaa kitu, maana giza hupanua mboni na huku 810 inapita. Miwani ya leza huandikwa kwenye kioo urefu wa wimbi inaouzuia na kiwango chake; kiwango cha 5 hupunguza mwanga mara 100,000. Iliyoandikwa 1064 peke yake haikufai. Nunua tatu: ya dadako, ya mgonjwa, na ya anayemshika mkono mgonjwa.

Mashine ikikamilika, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nendeni Bodi ya Dawa na Sumu, ndiyo inayosimamia vifaa vya tiba Kenya.

SWALI: Mashine ya leza ya kliniki yetu hulia pii kila sekunde ikifanya kazi. Wazee wanakereka. Nikate waya wa spika?
Mtaalamu wa fiziotherapia, Malindi

JIBU: Usikate, bibie. Miwani ya kinga hula rangi, na huenda ukiivaa hata taa ya ishara huioni. Mlio ndio unaokwambia. Tafuta kwenye menyu pa kupunguza sauti. Ikiwa hapana, waambie wazee kuwa unawahesabia muda. Mmoja niliyemkuta akitibiwa bega alikuwa keshauzoea: kila pii, punje moja ya tasbihi.