Farasi Akishanyolewa: Ngozi Kwanza, Mng'ao Baadaye

Wengi wanaomnyoa farasi mwili mzima kwa mara ya kwanza hushtuka wakimaliza kazi. Farasi wa kahawia iliyokolea hupauka, mwekundu huchujuka, na mweusi hubaki na rangi ya majivu. Usihangaike, kwani hakuna kilichoharibika. Manyoya ya majira ya baridi huwa yamekolea zaidi kwenye ncha kuliko chini, kwa hiyo mashine inapokata ncha hizo kinachobaki ni ile sehemu iliyopauka. Pamoja na ncha hizo huondoka mafuta mengi ya asili yaliyokuwa yamepaka unywele, na mba iliyokuwa imefichika karibu na ngozi hujitokeza yote kwa mpigo. Hapo ndipo mwenye farasi hukimbilia dawa ya kupulizia ya kung'arisha. Baada ya kuwahudumia farasi walionyolewa misimu kadhaa, nimeona kwamba ngozi ikitunzwa vyema mng'ao hurudi wenyewe, na ngozi ikipuuzwa hakuna chupa itakayouleta.

Kazi ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote, ni kumfuta kwa kitambaa cha moto siku ileile ya kunyoa. Chukua ndoo ya maji ya moto kadiri mkono uliovaa glavu ya mpira unavyoweza kuvumilia, tia kifuniko kimoja cha mafuta mepesi ya watoto, kisha chovya taulo dogo na ulikamue mpaka lisidondoshe hata tone. Lipitishe dhidi ya ulalo wa manyoya ili mvuke ufike kwenye ngozi na kulegeza uchafu, halafu lirudishe kwa kufuata ulalo wake. Taulo litatoka na utando wa kijivu unaonata, mchanganyiko wa mafuta ya zamani, vumbi na mba, na maji ya ndoo yatachafuka kabla hujamaliza upande mmoja. Yabadilishe bila kuona uvivu, kwa sababu maji machafu huurudisha utando uleule mahali ulipoutoa. Nenda kwa vipande: shingo, bega, mbavu, kisha paja, na kila kipande ukikimaliza kifunike kwa blanketi la sufu au la aina inayopitisha unyevu, ili farasi asisimame na ngozi yenye unyevu mbele ya upepo. Rudia baada ya siku mbili tatu. Kwa kawaida duru ya pili hutoa uchafu mchache zaidi, na ile mistari iliyoachwa na mashine huanza kufifia.

Kwa nini nisipendekeze kumwosha kwa shampuu moja kwa moja? Ni kwa sababu ngozi iliyotoka kupitiwa na mashine tayari imepungukiwa na mafuta, na sabuni huondoa hata yale machache yaliyosalia. Kama farasi alikuwa mchafu ilikuwa heri aoshwe kabla ya kunyolewa, jambo ambalo pia hulinda meno ya mashine yasipoteze makali kwa mchanga. Ikibidi kumwosha baadaye, tumia shampuu ya farasi kwa kiasi kidogo na umsuuze mpaka maji yatoke safi kabisa. Shampuu za binadamu zimetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya farasi, hivyo ziache bafuni kwako.

Kuhusu brashi, sina mengi. Weka kando brashi ngumu ya mpira kwa wiki ya kwanza, maana manyoya hayapo tena ya kupunguza makali yake, na farasi mpole kabisa anaweza kukunja masikio na kurusha teke kwa kitu alichokuwa akikifurahia juzi. Brashi laini yenye manyoya mafupi, ikipitishwa kwa mivuto mirefu na uzito kidogo wa mwili, hutosha. Msuguano huo ndio unaochochea ngozi itoe mafuta yake na kuyasambaza hadi ncha mpya za unywele, kazi isiyoweza kufanywa na kitu chochote kinachopuliziwa. Na wale wanaosisitiza kupulizia wasipulizie mahali pa tandiko, kwani dawa hizo huufanya mgongo uteleze.

Suala la blanketi linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ukishamwondolea farasi vazi lake, jukumu la kumvika ni lako. Farasi mwenye manyoya mafupi huanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto hewa inapokaribia nyuzijoto 5 za sentigredi, ilhali yule mwenye manyoya kamili ya baridi hustahimili baridi iliyo chini ya sifuri akiwa mkavu na asiyepigwa na upepo. Hata hivyo kumzidishia nguo ni kosa linalotokea mara nyingi kama kumpunguzia. Farasi anayetoka jasho chini ya blanketi hubaki na unyevu uliofungiwa, na hapo ngozi hulainika, huwasha na hualika vijidudu. Masikio si kipimo cha kutegemewa, kwani yanaweza kuwa baridi wakati mwili una joto la kutosha. Ingiza mkono chini ya blanketi nyuma ya bega: pakiwa na uvuguvugu na ukavu, yuko sawa, pakiwa na unyevunyevu, mpunguzie. Mimi hupendelea mablanketi mawili mepesi kuliko moja zito, maana la juu linaweza kuondolewa jua likichomoza.

Blanketi hilohilo linalomkinga ndilo linaloweza kumchubua. Bila manyoya marefu, kitambaa husugua ncha za mabega, kifua, na ule mwinuko wa mgongo unaofuata shingo. Livue kila siku, hata kama kuna baridi, na utazame sehemu hizo kwa macho na kwa vidole. Unywele uliokatikakatika na kuonekana kama umesagwa ni dalili ya kwanza, nayo huja kabla ya kidonda. Ukiiona, angalia kama blanketi limebana kifuani au limerudi nyuma, na uweke bitana laini ya kuteleza upande wa ndani. Bitana hiyo ifuliwe mara kwa mara kwa sabuni isiyo na manukato makali.

Farasi aliyenyolewa hukauka upesi baada ya kazi, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kumnyoa. Lakini jasho la farasi lina chumvi nyingi pamoja na protini iitwayo latherini, ile inayolifanya litoe povu chini ya hatamu na mkanda wa tandiko. Likikaukia kwenye ngozi isiyo na kinga huleta muwasho. Mfute sehemu hizo kwa sifongo na maji ya uvuguvugu mara tu mnaporudi, mkaushe kwa taulo, mfunike kwa blanketi linalopitisha unyevu hadi apoe, ndipo umvike lile la kudumu. Kitambaa cha chini ya tandiko nacho kiwe safi na kikavu kila siku.

Mng'ao wa kudumu hutoka pia kwenye chakula. Nyasi kavu zinapochachuka ndani ya utumbo mpana huzalisha joto, kwa hiyo siku ya baridi kali ni bora kumwongezea nyasi kuliko nafaka. Farasi wa kilo 500 anahitaji takribani kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, na aliyenyolewa huelekea kwenye kiwango cha juu. Mafuta ya kitani yakiongezwa kidogo kidogo kwenye chakula husaidia manyoya, ingawa matokeo huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Vipele vidogo vinavyotokea siku inayofuata, hasa pale meno ya mashine yalipopata moto au yalipokuwa butu, mara nyingi hutulia vyenyewe ngozi ikiachwa safi na kavu. Vikitoa usaha, vikiwa na joto, au farasi akikataa kuguswa, mwite daktari wa mifugo. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yakupe wazo la choa, ambacho huambukiza farasi wengine na binadamu pia, na mashine isiyosafishwa kwa dawa kati ya farasi mmoja na mwingine ni njia yake rahisi ya kusafiri. Magaga yanayong'oka na kishungi cha manyoya, hasa mgongoni baada ya mvua, husababishwa na bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Usiyabandue yakiwa makavu. Yalainishe kwanza, na usimvike blanketi lililolowa.

Manyoya yataendelea kuota, na kwa kuwa yanaongozwa na urefu wa mchana kuliko na baridi yenyewe, huenda ukahitaji kunyoa tena katikati ya msimu. Baada ya siku fupi kuliko zote za mwaka kupita, mwili huanza kuandaa manyoya ya kiangazi, na ukichelewa kunyoa utakata ncha za manyoya hayo mapya, nayo yatakaa yamepauka hadi yatakapopukutika. Katika nchi za kaskazini, mimi humaliza kunyoa kabla ya Januari kwisha.