Kutafuta asteroidi kwenye picha za Hubble: kwa mnaoanza hapa Mtwara

Kitakachokubana kwanza ni bando. Faili moja la ACS, kamera ya darubini ya angani Hubble, lina takriban megabaiti 168. MAST, hifadhi ya mtandaoni ya picha za Hubble, haitozi hata senti, lakini usishushe kila unachokiona. Tazama kwanza picha ndogo za JPEG, uchague zilizopigwa karibu na ekliptiki (njia ya Jua angani), maana asteroidi nyingi za ukanda mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii, hupita huko. Kisha shusha faili za flc, ambazo ni picha moja moja, si za drc. Hizo za drc ni picha kadhaa zilizounganishwa, na programu inayoziunganisha hufuta alama zisizotulia mahali pamoja. Inawinda mionzi ya kosmiki, lakini asteroidi nayo huweza kufutika.

Fungua faili kwa DS9, programu ya kutazama picha za anga. Hubble huzifuata nyota, kwa hiyo asteroidi huacha mstari. Ikienda sekunde-tao 36 kwa saa (sekunde-tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), picha ya sekunde 500 itatoa mstari wa pikseli 100 hivi, kabla ya kuhesabu mwendo wa Hubble yenyewe. Unene wake ulingane na wa nyota. Ukiwa mwembamba wenye kingo kali, ni mionzi ya kosmiki. Mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo mara nyingi ni setilaiti. Wa asteroidi hupinda, kwa kuwa Hubble huizunguka Dunia kila dakika 95, na mpindo huo ni hazina: ndio unaotuwezesha kukadiria umbali. Basi usipime ncha mbili tu, pima na katikati.

Kazi nyingi huharibikia kwenye saa. EXPSTART na EXPEND ndani ya faili, yaani mwanzo na mwisho wa kupiga picha, ni UTC (saa ya kimataifa), kwa siku za MJD, hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaanga. Saa 3:00 usiku ya Mtwara ni 18:00 UTC. Kompyuta ikigeuza muda kuwa wa hapa nawe usigundue, umepotea saa tatu: kwa mwendo ule ni sekunde-tao 108, zaidi ya nusu ya upana wa picha. Asteroidi inayojulikana miaka mingi utaiona mpya.

Kwenye Horizons, huduma ya NASA inayokokotoa mahali asteroidi zilipo, sehemu ya mtazamaji andika 500@-48, yaani Hubble. Ukipaacha pawe kitovu cha Dunia, asteroidi iliyo kilomita milioni 225 huweza kusogea sekunde-tao 6, yaani pikseli 120. Na ukituma vipimo Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi, kwa msimbo 250 wa Hubble, kila kimoja kiwe na mstari wa pili unaotaja Hubble ilikuwa wapi wakati huo.