Barua kwa Mwanangu: Mzee wa Lovat na Kijana Wake

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi hapa nyumbani hatujambo. Umeniuliza kama Simon Fraser, Lord Lovat, mkuu wa ukoo wa Fraser huko Scotland, alikuwa shujaa, kwa kuwa umesoma kwamba alipopandishwa jukwaani London kukatwa kichwa, tarehe 9 Aprili 1747, akiwa na umri wa takriban miaka 80, alitamka kwa Kilatini maneno ya mshairi Horace, kwamba kuifia nchi ni jambo tamu na la heshima. Ujasiri alikuwa nao, sikatai. Lakini mimi ni mzazi, na zipo barua alizoandika kuhusu mwanawe ambazo zinanizuia kumpa jina hilo.

Mtu mwenyewe alikuwa ndumilakuwili tangu ujanani. Mwaka 1697, akigombea urithi wa Lovat, alimwoa kwa nguvu mjane wa Lord Lovat aliyekuwa amefariki. Masimulizi husema zumari zilipulizwa ili kilio cha yule mama kisisikike. Alihukumiwa kifo bila yeye kuwapo mahakamani, akakimbilia Ufaransa, na huko nako akafungwa. Uasi wa 1715 ulipozuka, wa wafuasi wa ukoo wa Stuart uliokuwa umepoteza kiti cha enzi cha Uingereza, alijiunga na upande wa serikali, akasaidia kuukomboa mji wa Inverness, akasamehewa.

Basi mwaka 1745 Prince Charles Edward Stuart akatua Scotland kudai kiti cha enzi cha ukoo wake. Akina Stuart walikuwa wamemwahidi Lovat cheo cha duke, naye alikitamani. Ila aliogopa kwamba serikali ingeshinda. Akaona atashika pande zote mbili: yeye abaki nyumbani katika ngome yake, Castle Dounie, na mwanawe, aliyeitwa Simon kama yeye, kijana wa miaka 19 hivi aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha St Andrews, aongoze watu wa ukoo vitani. Kijana hakuwa na hamu ya vita hiyo. Wakati huohuo mzee alikuwa akimwandikia jirani yake Duncan Forbes, jaji mkuu wa Scotland aliyekuwa upande wa serikali, akilalamika kwamba mwanawe ni mkaidi na hasikii la baba. Hebu fikiria, mwanangu: mtoto yuko njiani na bunduki kwa amri ya baba, na nyuma yake inatoka barua yenye mhuri wa baba huyohuyo, ikimtaja kuwa mwasi.

Jeshi la Prince lilivunjwa katika mapigano ya Culloden tarehe 16 Aprili 1746, Castle Dounie ikachomwa moto, na mzee, ambaye hakuweza tena kutembea vizuri, akawa anabebwa kwenye machela kutoka maficho hadi maficho, mpaka askari walipomkuta kisiwani katika ziwa la Loch Morar, ndani ya mti wenye uwazi. Akiwa njiani kupelekwa London, mchoraji William Hogarth alimchora akihesabu kwa vidole, kana kwamba bado anapiga hesabu ya nani yuko upande gani. Katika kesi yake, John Murray wa Broughton, aliyekuwa katibu wa Prince, alitoa ushahidi dhidi yake. Hata siku ya kukatwa kichwa kwake, jukwaa la watazamaji liliporomoka na kuua watu kadhaa kabla yake.

Uliuliza pia kama kijana alikosea kumtii. Mimi simlaumu; angemkatalia baba aliyekuwa pia mkuu wa ukoo kwa kinywa gani? Alijisalimisha, akafungwa katika ngome ya Edinburgh, akasamehewa mwaka 1750. Mwaka 1757 aliwakusanya watu wa ukoo uleule, safari hii kuunda kikosi cha mfalme George II, yuleyule ambaye kijana alikuwa ametumwa na baba yake kumpiga, akawaongoza hadi Canada katika vita vya Quebec. Mwaka 1774 ardhi ya Lovat ilirudishwa mikononi mwake. Cheo cha baba hakurudishiwa.

Niandikie ukipata nafasi.

Mama yako