Injini iliwaka, mbona treni haikuondoka?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Nachingwea. Majuzi nilikuwa Dar kwa shughuli za korosho, jioni nikapanda treni ya mjini. Katikati ya stesheni mbili ikasimama: pshhhh ndefu, injini ikazima, taa zikafifia. Baada ya kama nusu saa injini ikawaka, watu tukashangilia. Lakini wapi! Tulikaa saa nzima nyingine mpaka kikaja kichwa kingine kikatuvuta. Huku kwetu basi likizimika Nangurukuru tunashuka, tunasukuma, linawaka, safari inaendelea. Yule dereva alikuwa mvivu au kuna sababu? Na ile harufu ya kuungua tulipoanza kuondoka ilikuwa ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimetengeneza vichwa vya treni mpaka nikastaafu na kurudi hapa Mikindani, na swali lako nililizoea. Nilikuwa naulizwa nikiwa nimelala chini ya behewa, spana mkononi, tena kwa maneno makali kuliko yako.

Kusukuma kwanza. Basi la gia za mkono ukilisukuma linawaka kwa sababu magurudumu na injini vimeunganishwa na gia. Gurudumu likizunguka, linaizungusha injini. Vichwa vingi vya dizeli havina kiungo hicho. Injini inazungusha jenereta, umeme unashuka kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, na mota ndizo zinazosukuma magurudumu. Hata mngekuja Nachingwea nzima mkasukuma, magurudumu yangezunguka na injini ingeendelea kulala. Inawashwa na betri zake, basi. Sijataja uzito: behewa moja tupu ni tani 30 na zaidi.

Sasa ile pshhhh. Chini ya treni, kutoka kichwani hadi behewa la mwisho, kuna bomba la upepo lenye msukumo wa kama bar 5 (bar ni kipimo cha msukumo wa hewa). Wengi hudhani upepo ukijaa humo ndipo breki zinabana. Ni kinyume chake. Bomba likijaa, breki zinaachia; upepo ukipungua, valvu iliyo chini ya kila behewa inafungulia akiba ya upepo kutoka kwenye tangi la behewa hilo, na breki zinabana. Mpango huu ni wa Mmarekani George Westinghouse, wa mwaka 1872, na mpaka leo sijaona wa kuushinda. Treni ikikatika vipande viwili, bomba nalo linakatika, na vipande vyote viwili vinajifunga breki vyenyewe. Ubaya wake ndio ulioupata wewe: mpira mmoja wa kuunganishia mabehewa ukipasuka, treni nzima inakaa.

Kwa hiyo kuwaka kwa injini si ruhusa ya kuondoka. Kompresa, yaani pampu ya upepo, lazima ijaze bomba na matangi yote kwanza. Aliyepanda basi la alfajiri stendi ya Mtwara analijua hili kidogo, dereva ananguruma pale pale akisubiri mshale wa kipimo cha upepo upande juu.

Lakini kujaza upepo hakuchukui saa nzima. Hapo kuna jambo ambalo abiria hawaambiwi, na mimi naona wangeambiwa. Dereva akishaomba kichwa cha kuja kumvuta, anakuwa ametaja mahali alipo, na kwa taarifa hiyo kichwa kingine kinaruhusiwa kuingia kwenye kipande cha reli ambacho tayari kina treni. Kwa kawaida hilo ni marufuku: kipande kimoja, treni moja. Anayekuja anajua atakukuta wapi, anapunguza mwendo kwa hesabu hiyo. Ukiondoka kwa kuwa injini imekubali, mnaweza kukutana uso kwa uso kwenye kona. Ndiyo maana kanuni ya reli inasema ukishaomba msaada, usisogee hata hatua moja mpaka msaada ufike au wakuu wa njia wafute ombi na kukuruhusu upya. Naamini dereva wako aliiheshimu kanuni. Ningekuwa mimi ningemlaumu kwa kunyamaza tu.

Wala hakuwa amekaa bure. Upepo wa breki huvuja polepole, na treni iliyosimama mlimani ikikaa muda mrefu breki zinaweza kulegea zenyewe. Wafanyakazi hushuka kufunga breki za mkono na kuweka kabari magurudumuni. Usiku mmoja wa mvua mwenzangu mmoja alisema mteremko ule ni mdogo, kabari ya nini. Mabehewa yalianza kusogea tukiwa bado tunabishana. Tuliyawahi, lakini tangu siku hiyo sibishani na kabari.

Kushuka na kutembea relini ndiko kunakoua watu. Kwenye njia ya pili treni nyingine inaweza kupita wakati wowote. Kwa treni za umeme za SGR, ile reli mpya ya kisasa, ongeza waya wa volti 25,000 juu ya paa; waya huo ukianguka, hata kuusogelea ni hatari. (Sisi watu wa Kusini haya tunayasikia kwa mbali. Reli yetu ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, kutoka bandarini Mtwara hadi huko kwenu Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa.)

Harufu, mwanangu, ilikuwa ya breki. Kichwa cha msaada kilipounganisha mpira wake na kujaza upepo, behewa mojawapo lilichelewa kuachia, likaburuzwa kidogo breki zikiwa zimebana. Kwa kawaida inaisha ndani ya dakika chache. Isipoisha, au ukiona moshi chini ya dirisha lako, mwambie gadi, yule msimamizi wa treni, mara moja. Chini ya behewa kuna waya wa kuvuta kutoa upepo, na breki ile inaachia.