Mzee Anajua, Lakini Mzee Si Tanbihi

Fungua Wikipedia ya Kiswahili utafute wadi yako. Nairobi ina wadi 85 katika maeneo bunge 17, na kwa nyingi utakachokuta ni sentensi moja tu: fulani ni kata ya Kaunti ya Nairobi, nchini Kenya. Chini yake pana kile kisanduku kinachosema makala bado ni mbegu na kukuomba uiongezee. Mtaa mzima, wenye shule, soko, timu za mpira, kesi za ardhi na familia zilizokaa hapo vizazi vitatu, umemalizwa kwa mstari mmoja.

Ukiona hivyo unapandwa na mori. Unataka kukaa usiku huohuo uandike yote unayoyajua. Ushauri wangu, baada ya kufanya kazi hii na wenzangu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ni kwamba usianze na kuandika. Anza na vyanzo, na mvitafute mkiwa kikundi. Unayoyajua kuhusu mtaa yatafaa sana, ila si kwa njia unayodhani.

Sisi hatuna ofisi wala katiba wala mweka hazina. Tunakutana Jumamosi asubuhi katika maktaba ya kaunti pale Makadara. Hiyo na ya Kaloleni ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ile ya mjini yenye nguzo kubwa iliyofunguliwa mwaka 1931. Tuna mwalimu wa Kiswahili, karani mstaafu, vijana wa chuo, na mwendesha boda ambaye ukimtajia jina la barabara la zamani anakuambia siku hizi inaitwaje. Waandishi hasa ni wachache. Hilo halitusumbui, kwa sababu kuandika ndiyo sehemu fupi ya kazi hii.

Sehemu ndefu ni ile ya wazee.

Mtaa wowote wa zamani una mzee ambaye kila mtu atakuelekeza kwake. Wa Kaloleni tuliyeelekezwa kwake alitukaribisha barazani, akaagiza chai, akaanza kusimulia jinsi akiwa mtoto alivyosimama nje ya ukumbi wa mtaa akisikiliza mkutano wa siasa, watu wamejaa mpaka madirishani.

"Ilikuwa mwaka gani, mzee?"

"Mwaka sikumbuki, kijana wangu. Nakumbuka vumbi. Na Kalasinga mmoja mwenye kilemba aliyesimama akasema tupewe uhuru wetu. Watu walipiga makofi mpaka basi."

Kijana wetu mmoja alikuwa tayari ameshika simu, anataka kuichomeka habari hiyo kwenye makala palepale. Wikipedia haiipokei hivyo. Kila jambo linaloweza kupingwa linatakiwa kuwa na chanzo kilichochapishwa, ambacho msomaji anaweza kukifuata na kukihakiki. Maneno ya mzee uliyemhoji mwenyewe yanahesabiwa kuwa utafiti wako, na utafiti wako si mahali pake hapo. Watu hukasirika nikisema hivi. "Kwani mzee anadanganya?" Hadanganyi. Lakini msomaji wa Kisumu au Tanga hawezi kuja kesho kukaa barazani kwake amuulize tena.

Alichotupa mzee ni njia. Kalasinga, ukumbi wa Kaloleni, uhuru: kwa maneno hayo matatu mtu anayejua kidogo historia ya vyama vya wafanyakazi anafika kwa Makhan Singh. Ukifika kwa Makhan Singh, vitabu vya historia vinakupa tarehe: 23 Aprili 1950, mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union (KAU) na East African Indian National Congress katika ukumbi wa Kaloleni, ambapo alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Sasa una sentensi yenye mwaka, mahali, jina na kitabu nyuma yake. Sentensi hiyohiyo inafaa katika makala ya Kaloleni, katika makala ya Makhan Singh, na hata katika makala ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi alilolianzisha na Fred Kubai mwaka 1949. Bila yule mzee tungeendelea kuandika kwamba Kaloleni ina ukumbi.

Vumbi na makofi havikuingia. Hayo tuliyarekodi kwa simu na kumwachia mjukuu wake sauti yote, kwa sababu pengine siku moja mtu atayachapisha, na yakishachapishwa yatakuwa chanzo. Tuliporudi kumsomea tulichoandika, mzee alituuliza kwa nini hatukuandika kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza uhuru kudaiwa Kenya. Swali zuri. "Mara ya kwanza", "mkubwa kuliko yote" na "maarufu zaidi" ni maneno yanayotaka chanzo kizito kuliko mengine yote, na wanamtaa tunayapenda mno. Tumekubaliana kuyaacha nje mpaka mwanahistoria mmoja ayaseme kwa jina lake.

Kuna na hadithi ambazo ukizifuata hazikufikishi popote. Mtaani husimuliwa kwamba nyumba za Kaloleni zilijengwa na mateka wa kivita Waitaliano. Gazeti moja linaandika "inasemekana", jingine linalinakili la kwanza. Hapo usiandike kama jambo lililothibitishwa, wala usilitupe. Andika kwamba ndivyo inavyosimuliwa, taja gazeti lililosema, nenda mbele. Lisiloleta ubishi ni kwamba mtaa ulijengwa miaka ya 1940 na manispaa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Anza na hilo.

Na mjihadhari na mduara. Mtu anaandika jambo Wikipedia bila chanzo, mwaka unaofuata tovuti ya habari inalinakili, kisha mhariri mwingine anaitumia tovuti hiyo kuwa tanbihi, yaani rejeo la chanzo, ya jambo lilelile. Dawa yake ni kufungua historia ya ukurasa na kulinganisha tarehe. Ikiwa sentensi ilikuwa kwenye makala kabla ya habari kuchapishwa, hapo hamna chanzo.

Vyanzo vya Nairobi si haba, ila vimetawanyika. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Moi Avenue, katika lile jengo lililokuwa la Bank of India, ambalo watu hulipita kila siku wakienda stejini bila kujua wanaruhusiwa kuingia. Matoleo mengi ya Gazeti Rasmi la Serikali yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye Google Books. Tafuta humo jina la shule, barabara au soko lako, utashangaa. Kuna Hansard, kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Kuna tasnifu za vyuo vikuu, na wanafunzi wa mipango miji wameandika juu ya makazi ya Eastlands kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Taifa Leo la zamani ni hazina ambayo wachache wanaigusa.

Takwimu zina mtego wake. Sensa ya 2009 iliipa Nairobi watu 3,138,369, ile ya 2019 watu 4,397,073, na kuna makala zinazochanganya hizo mbili katika aya moja. Hilo ni rahisi kusahihisha. Gumu ni la mitaa. Sensa hupanga watu kwa lokesheni na sublokesheni, yaani maeneo ya chifu na naibu wake, ilhali wadi ni mipaka ya uchaguzi iliyochorwa na tume. Jina linaweza kuwa lilelile na mpaka ukawa tofauti. Ukichukua idadi ya sublokesheni ukaibandika kwenye makala ya wadi, umeandika namba sahihi mahali pasipo pake, na makosa ya aina hiyo hukaa miaka bila mtu kuyaona kwa sababu tanbihi ipo na inaonekana safi. Karani wetu mstaafu ndiye aliyelishika hili. Ndiyo maana nasema mfanye kazi mkiwa wengi. Kijana wa kompyuta peke yake hangejua, na karani peke yake hangejua kubonyeza.

Kuhusu lugha niseme machache. "Mtaa wenye historia tajiri na watu wakarimu" ni maneno ya tangazo, yafuteni. Na zana ya kutafsiri kutoka makala ya Kiingereza isaidie, isiwaandikie: Wikipedia yetu tayari ina kurasa za kutosha zilizotafsiriwa na mashine ambazo mtoto wa shule akizisoma anatoka mtupu. Msishangae pia wenzetu wa Tanzania wakiandika kata pale sisi tunaposema wadi. Hilo si la kugombania.

Siku ya kuhariri pamoja, kila mtu aje akiwa ameshafungua akaunti nyumbani. Wikipedia hairuhusu zaidi ya akaunti sita mpya kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mkikaa ishirini kwenye Wi-Fi moja, kumi na wanne watatazama dari. Wakati mwingine anwani za mitandao ya simu, zinazotumiwa na maelfu ya watu kwa pamoja, huwa zimefungiwa kwa ajili ya uharibifu wa mtu msiyemjua. Ukikuta hivyo usihamaki, jaribu mtandao mwingine au mwandikie mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, akaunti mpya hairuhusiwi kuchapisha makala mpya moja kwa moja mpaka ifikishe siku nne na mabadiliko kumi, basi mgeni aanze kwa kusahihisha tahajia na kuongeza tanbihi kwenye makala zilizopo. Ni mazoezi mazuri hata hivyo.

Msihariri makala moja watu watano kwa wakati mmoja. Anayehifadhi wa pili ataambiwa kuna mgongano, na hasira zitaanza. Sisi mmoja anasoma chanzo kwa sauti, mwingine anaandika kwenye ukurasa wa majaribio, wa tatu kazi yake ni kuuliza "hilo limeandikwa wapi?" Huyu wa tatu mchagueni kwa makini. Awe mtu asiyeona haya, hata mbele ya mwalimu wake. Kila badiliko liwe na muhtasari mfupi wa kueleza umefanya nini, maana mhariri wa mbali akiona aya ndefu imeingia bila maelezo atairudisha ilivyokuwa, nami simlaumu. Ikirudishwa, msiibandike tena na tena. Nendeni ukurasa wa Majadiliano, mtaje chanzo, mngoje. Nimeona watu wakimwita mkabidhi mkoloni kwa sababu ya koma.

Niseme pia juu ya fulana na soda. Wikimania, mkutano wa kimataifa wa wahariri wa Wikipedia, ilifanyika hapa Nairobi Agosti 2025, na tangu hapo watu wengi wananiuliza wafanyeje kuingia. Kuna warsha za siku moja ambazo watu hufurika, wanapewa bando na chakula cha mchana, makala zinaongezeka siku hiyo, kisha akaunti zinanyamaza milele. Sina ugomvi na chakula cha mchana. Ila makala mia za mistari miwili zinawaachia wengine kazi ya kusafisha, na mimi ningechukua moja iliyokamilika.

Kisha watakuja wa siasa. Uchaguzi wa 2027 haujafika na tayari kijana wa mheshimiwa fulani ameshatutembelea maktabani akitaka "profaili" ya bosi wake, na bahasha anayo. Masharti ya matumizi ya Wikipedia yanamtaka yeyote anayelipwa kuhariri atangaze wazi analipwa na nani. Tulimweleza hivyo kwa upole, tukamwambia pia kwamba akishaandikwa, mheshimiwa hatakuwa na uwezo wa kuzuia kesi zake za mahakamani kutajwa humohumo. Hakurudi. Kikundi cha ngoma cha jirani nacho kiliomba makala, na huko kukataa kuliuma zaidi, kwa sababu ni watu wetu na wanacheza vizuri. Hakuna gazeti lililowahi kuwaandika. Tuliwapa namba ya mwandishi wa habari mmoja.

La mwisho ni picha, na hapa ndipo mtaa unaweza kusaidia haraka kuliko popote. Mzee anaweza kukuletea picha ya timu ya mpira ya zamani, imepigwa studio, mhuri nyuma. Kuimiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Hiyo inaweza kuwa ya mpiga picha, au ya aliyemwagiza aipige. Sheria ya Kenya inailinda picha kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, lolote lililokuja baadaye. Kama alipiga yeye mwenyewe, mweleze kabla hajakubali kwamba leseni ya Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, inamruhusu mtu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, mradi amtaje. Anaweza kuikuta kwenye kalenda ya duka. Wengine hucheka wakakubali, wengine huirudisha bahashani, na ni haki yao.

Zenu wenyewe zipigeni Jumapili mapema, kabla jua halijawa kali na kabla magari hayajaziba lango la jengo. Askari wa langoni akikuuliza unapiga za nini, mwonyeshe makala kwenye simu, mara nyingi atakuelekeza upande wenye sura nzuri zaidi. Nyuso za watu usipige bila kuwauliza, za watoto usipige kabisa. Na kabla ya kupakia, badilisha jina la faili liwe jina la mahali na mwaka, kwa sababu picha inayoitwa IMG_0042 hakuna atakayeitafuta.